Siku Shangazi Kadzo Alipotoka Kitandani

Utoto wangu ulipita kijijini Adu, katika boma ambalo ugonjwa wa kike haukutajwa kwa jina. Shangazi Kadzo alipoanza kutokwa na damu isiyokoma, mama yake, nyanya yangu tuliyemwita Hawe, alisema kaolewa na pepo wa baharini. Mganga akaitwa, ngoma ikapigwa, mbuzi akachinjwa. Damu haikukoma. Akapelekwa hospitali Malindi, akarudi, ngoma ikaendelea.

Nilikuwa darasa la tano wauguzi walipoleta shuleni chanjo ya wasichana. Ilishavuma kwamba sindano ile hufunga kizazi. Hawe aliogopa zaidi ya hapo: pepo aliyekwisha kuonja damu ya nyumba yetu angepita kwenye tundu la sindano aniingie.

Nilikuwa kwenye foleni nilipomwona Hawe akija mbio. Akanikamata mkono.

"Twende nyumbani."

"Shikamoo, mama," muuguzi akasema. "Tuzungumze kwanza."

"Zungumza na wako. Huyu ni wangu."

Wasichana wawili wakachomoka foleni wakakimbia. Nami nilitamani kukimbia, ila sikujua nimkimbie nani.

Ndipo Shangazi akaingia getini. Tangu arudi kutoka hospitali Malindi hakuwa ametoka kitandani. Alitembea akishikilia ua, leso kajifunga mbili.

"Mama, mwachilie mtoto."

"Rudi ulale, Kadzo! Wataka pepo wako amchukue na huyu?"

"Sina pepo, mama. Daktari aliniambia, nikaona haya kukwambia. Ni saratani ya mlango wa kizazi. Kinga yake ndiyo hiyo sindano. Mimi haikunikuta udogoni."

Hawe alimtazama bintiye, kisha vidole vyake vikalegea mkononi mwangu. Hakusema ndiyo. Alikwenda kumshika Shangazi kiunoni asianguke, nami nikachomwa wakinitazama. Siku kadhaa baadaye Hawe alikuwa bado akinipapasa paji la uso kila asubuhi, akitafuta dalili za pepo.

Shangazi alifariki kabla ya mvua. Sindano ya pili ilipofika, Hawe mwenyewe alinipeleka zahanati, njiani akiwaomba koma, wazee wetu waliotangulia, wanilinde.

Sasa mimi ni mtu mzima, na siwezi kumcheka. Alipigana kwa silaha alizozijua. Kinachoniuma ni ile haya. Shangazi alilala na jina la ugonjwa wake kifuani, akipigiwa ngoma, asipate wa kumwambia. Alipolitamka hatimaye, mbele ya shule nzima, alijua halitamponya yeye.