Kiazi cha Dada

Mnisamehe kwa mwandiko uliopinda na herufi nitakazoruka. Niliishia darasa la saba, na naandika polepole.

Leo jirani amekaanga pumba za ulezi, na harufu yake imenirudisha chumbani kwa dada. Alirithi seli mundu kwa wazazi wetu. Baridi ya Ufipa ilipomshika, mama alifunga pumba za moto kwenye kitambaa, akamkanda magoti. Watu walisema ugonjwa umemla hadi akili, na siku moja mwalimu akaja kumwambia mama amwachishe shule.

Alimkuta kitandani na sweta lake la mtumba, akizungusha kiazi mbele ya koroboi. Sisi wadogo tulikaa sakafuni.

"Upande huu mchana, huu usiku," dada alisema.

"Kwa hiyo Kirando sasa hivi ni usiku?" nikauliza.

"Kirando ni hapo chini tu ziwani, wewe! Saa hizi wanaanika dagaa juani!"

Tulicheka mpaka tukamwona mwalimu mlangoni. Dada akaficha kiazi chini ya blanketi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kitoe, mwanangu." Mwalimu akakaa juu ya ndoo. "Na jua linapatwaje?"

Dada akaomba harage moja. Akalipitisha taratibu kati ya koroboi na kiazi, mpaka kivuli kidogo kikatua juu ya kiazi.

Mwalimu akamgeukia mama, aliyesimama mlangoni.

"Siku asizoweza kutembea, nitampitia kwa baiskeli."

Nawe kama uliwahi kufundishwa na mgonjwa kitandani, niandikie. Nitajibu, ingawa nitachelewa.