Kombi ya Védaste na Harufu Iliyokataa Kuondoka

Kwa miaka miwili mizima fundi Védaste wa Rugerero alipigana na matone ya oili, na matone yakawa yanamshinda. Si kwamba hakujua kazi. Mtu aliyekulia katika gereji za Goma, akafungua injini za malori kabla hajaota ndevu, kisha akarudi Rwanda na sanduku la spana zito kuliko la nguo, huwezi kumwambia hajui kazi. Ukimwambia atakutazama kwa huruma, halafu atarudi zake chini ya gari.

Gari lililomtia aibu lilikuwa lake mwenyewe. Ilikuwa kombi ya zamani, nyeupe kwa buluu, yenye injini nyuma inayopozwa na upepo tu, bila maji wala rejeta. Katikati ya juma ililala kando ya kibanda chake cha kazi. Jumamosi ilipeleka wageni kwenye maji ya moto ya Nyamyumba, na Jumapili ilibeba kwaya, sauti za kwanza mbele, besi nyuma, ili uzito ukae sawa.

Sasa, hita ya gari la namna hii ina mambo yake. Upepo uleule unaopoza injini huzungushwa kwenye mabomba ya ekzosi, ukishapata moto huletwa mbele, kwenye miguu ya abiria. Ni akili nzuri sana, mradi injini iwe kavu. Lakini oili ikidondokea mabomba yale inakaangika, na watu wote ndani wananuka kama mafuta ya mandazi ya juzi.

Na katika abiria wote, hakuna aliyekuwa na pua kali kama Illuminée, mkewe.

Vita vilianza siku walipomsindikiza mtoto wa dada wa Illuminée kwenda kuomba mchumba. Katika sherehe hizo kila upande una msemaji wake, na kazi ya msemaji wa wenyeji ni kuwachokoza wageni mpaka jasho liwatoke, ndipo binti atolewe. Msemaji wa siku hiyo alikuwa mzee mmoja mwenye mdomo mkali. Alisimama, akanusa hewa kushoto, akanusa kulia, akauliza kwa upole, “Wageni wetu, mumekuja kuomba binti, ao mumekuja kubadilisha huile ya gari?”

Watu wakavunjika mbavu. Illuminée naye alicheka, tena kwa sauti. Alipofika nyumbani akaanika mushanana wake, vazi lake la sherehe la hariri, kwenye kamba siku tatu, na siku ya nne akaunusa, akaenda kusimama mbele ya mumewe.

“Papa Gisubizo, mi sitapanda tena mu hii kombi yako. Hata nikikufa, utatafuta voiture ingine.”

Védaste alichukua maneno hayo kama mwanamume: wiki hiyohiyo akaishusha injini. Akakuta mipira ya mirija iliyo chini ya silinda imekauka kama maganda ya chungwa. Akaibadilisha yote, akaweka gasketi mpya, akaosha kila kitu kwa mafuta ya taa, akafunga. Akaiacha injini ingurume uani saa nzima. Chini palibaki pakavu kabisa. Jumamosi akaenda Nyamyumba akipiga mluzi, na aliporudi, kombi ikamwaga matone kumi na moja mbele ya mlango wake mwenyewe.

Basi ikawa ndiyo maisha. Alifungua, alifunga, alibadilisha hata mipira iliyokuwa mipya. Uani ilikuwa kavu, safarini ilivuja. Jambo lililomkosesha raha hata mezani lilikuwa hili: kila asubuhi ya safari alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakuta iko sawasawa kwenye alama. Akirudi jioni, chini ya gari pamelowa, anachomoa kijiti, oili iko palepale kwenye alama. Kama inavuja, mbona haipungui? Valens, fundi mwenzake, alimshauri akaiombee kanisani. Védaste akamjibu kwamba kombi inafika kanisani mara nyingi kuliko Valens.

Halafu zamu ya nyumba yao wenyewe ikafika. Gisubizo, mtoto wao wa kwanza, alipata mchumba huko Mukamira, kule juu kwenye baridi, na siku ya kwenda kumwomba ikapangwa. Védaste alitaka kitu kimoja tu siku hiyo, nacho hakikuwa kikubwa: aingie katika ua wa wakwe akiendesha kombi yake, wazee wa ukoo wamekaa nyuma, na Illuminée amekaa mbele, pembeni yake. Illuminée akasema atakwenda na gari la dada yake Jolly. Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza Védaste. Mtu akikugombeza bado anakuhesabu.

Asubuhi ya siku hiyo alipima oili kama kawaida yake. Iko sawa. Akaoga, akavaa suti, akafunga tai mara tatu. Lakini moyo haukutulia. Akatoka tena na suti yake, akafungua kifuniko cha nyuma, akapima mara ya pili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ainunue ile kombi. Kijiti kikatoka na oili vidole viwili juu ya alama.

Akakifuta, akapima upya. Vidole viwili vilevile. Gari linaweza kukufanyia mengi, lakini haliwezi kuzaa oili. Alipoinuka na kugeuka, akamwona Illuminée kwenye kona ya nyumba, amevaa mushanana, amefunga kitambaa cha jikoni kiunoni asijichafue, na mkono mmoja ameuficha mgongoni.

“Mama Gisubizo, nini ile?”

“Ni kopo.”

“Iko na nini ndani?”

“Saa hii haiko tena na kitu.”

Wakatazamana. Illuminée aliona hakuna pa kukimbilia, tena kwa viatu vile.

“Unajua papa yangu alikuwa anaendesha camion, Goma na Butembo,” akasema. “Kila akitaka kwenda, akiingia kunywa chai, mama anatoka anamimina huile kidogo mu moteur. Mwenye kubakiya njo anamiminaka, ili mwenye kwenda arudiye. Siku moja mama alikuwa mugonjwa, hakumimina. Moteur ikakufa mu njia. Papa alifika nyumbani baada ya siku tisa, kwa miguu. Toka siku ile, kwetu kumimina haiachwaki.”

“Na we?”

“Mi? Zamani tulikuwa tunaenda pamoja, nimiminie nani? Lakini toka nikatae kupanda, kila mara mi nabakiya. Donc, ukiingia kuoga, namimina. Nusu lita tu.”

Védaste akakaa juu ya kreti, suti na vyote. Injini ile hunywa lita mbili na nusu, basi. Ukiizidishia nusu, ile nusu haina pa kukaa. Itapenya kila upenyo, itachuruzika hadi kwenye mabomba ya moto, na jioni utakuta imebaki kipimo chake kamili, kama vile hakuna kilichotokea. Injini ilipona wiki ya kwanza. Miaka miwili alikuwa akiitibu injini isiyo na ugonjwa.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka tai ikamkaba, akailegeza, akacheka tena.

“Kwa hiyo harufu ni mi?” Illuminée akauliza taratibu.

“Ni we.”

“Ayiwee!” Akajiziba mdomo, naye kicheko kikamponyoka, kisha machozi yakafuata, na mtu asingeweza kusema yalikuwa ya aibu au ya furaha. Védaste akainuka kutoka kwenye kreti. Muda wote ule alidhani mkewe ameikataa kombi, na kwamba pamoja na kombi amemkataa na yeye kidogo. Kumbe hakuna safari hata moja aliyomwacha aondoke hivihivi.

Akavua koti, akaweka beseni chini, akalegeza nati, akaiacha oili itoke mpaka ikarudi kwenye alama. Akafuta mabomba kwa kitambaa, moja moja. Alipomaliza akanawa mikono, akamfungulia mkewe mlango wa mbele.

“Bon. Panda na mi. Tukienda wote, hakuna mwenye kubakiya.”

Illuminée aliutazama mushanana wake, akakitazama kiti. “Na ikinuka?”

“Ikinuka, utanishusha mu njia.”

Akampungia Jolly, aliyekuwa akimngoja barabarani, atangulie, akapanda.

Walipoipita Nyakiriba wakaanza kupanda, na huko juu mvua ikawapokea, ukungu nao ukashuka barabarani. Kioo cha mbele kikafunga ukungu kwa pumzi za wazee wanne waliokuwa wakibishana nyuma. Védaste alijua dawa ni kufungua hita, na mkono wake ukawa mzito. Ni Illuminée aliyeuvuta mkono wa hita. Wazee wote wakainua pua juu. Kwanza ikaja harufu ya vumbi, na Védaste akaacha kupumua. Kisha likaja joto, joto tupu, safi, likasafisha kioo kutoka chini kwenda juu. Illuminée akavua viatu, akainyoosha miguu yake kwenye ule upepo, na kufika Mukamira alikuwa amelala fofofo. Binti walipewa, kwa vigelegele.

Jumamosi iliyofuata Védaste alikuwa na wageni wa Nyamyumba, na Illuminée alikuwa na kikao cha akina mama. Alikuwa ameapa kwamba hatagusa tena injini ya mtu. Lakini Védaste alimwona akizunguka uani asubuhi ile, akipanga vitu vilivyokwisha kupangwa, akiitazama kombi kisha akitazama barabara. Akaingia chini ya gari, akatoa nusu lita ya oili, akainuka akifuta mikono.

“Mama Gisubizo, inapunguka nusu lita,” akasema. “Mi naenda kunywa chai.”

Akaingia ndani, akakaa, akainywa chai polepole, mpaka aliposikia kopo likiwekwa chini.