Maganda Yana Wenyewe

Bwana shamba aliyetuambia tukusanye takataka za jikoni hakuwa amewahi kuishi na mama mkwe wangu. Angekuwa amewahi, angenyamaza. Alisimama mbele ya kikundi chetu cha kina mama, nje ya kanisa, si mbali na soko la Mukuyuni, viatu vyake vikimetameta, akasema: chimbeni shimo, tieni maganda ya ndizi na viazi, majani ya chai, mabaki ya mboga, samadi ya mbuzi juu yake, nyunyizeni maji, subirini. Basi. Udongo utakuwa mweusi na sukuma wiki itawashinda kuchuma. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikauliza, "Maganda gani?" Wakacheka, wakidhani natania.

Sikuwa natania. Ule ulikuwa mwaka wa njaa, miaka ya themanini, tulipokuwa tukila mahindi ya manjano ya msaada. Nyumbani kwetu kila kilichotoka jikoni kilikuwa na mwenyewe. Ganda la ndizi, siku ndizi ilipopatikana, lilikuwa la mbuzi. Pumba tulizopata tukitwanga mahindi ya muthokoi zilikuwa za kuku. Ukoko wa ugali ulikuwa wa mbwa, na mbwa asipowahi, ni wangu. Sasa hiyo takataka ya kutia shimoni ningeitoa wapi, niende nikaiibe?

Lakini nilikuwa na sababu ya kung'ang'ana. Binti yangu wa kwanza alikuwa ameugua malaria, na baada ya homa kuisha viganja vyake vilibaki vyeupe kama unga. Nesi wa zahanati alimfunua kope, akaniangalia kwa jicho baya, akasema damu imekwisha. Akampa dawa, akaniambia mtoto ale mboga za majani kila siku, si siku ya soko peke yake. Kila siku! Kunde shambani zilikuwa zimekauka hadi mizizi. Mboga za sokoni zilifika zimenyauka, na mume wangu alikuwa kazini Mombasa. Kilichobaki ni kipande cha ardhi nyuma ya jiko, kigumu kama sakafu, ambacho ningeweza kukinywesha maji ya kuoshea vyombo.

Nikachimba shimo. Mama mkwe, ambaye nilimwita Mwaitu kama sisi Wakamba tunavyomwita mama, alisimama mlangoni akinitazama. Huyo alikuwa mwanamke wa ufagio. Kabla jogoo hajamaliza kuwika, uwanja wote ulikuwa umefagiwa, mistari imelala sawasawa kama nywele zilizochanwa. Kwake yeye, boma lenye takataka ni boma lisilo na mwanamke.

"Unamchimbia nani kaburi?" akauliza.

"Takataka, Mwaitu."

"Takataka huchomwa. Haizikwi kwa heshima."

Na kweli akachoma. Nilirudi kutoka mtoni na punda wa maji, nikakuta maganda niliyowanyang'anya mbuzi na majani ya chai ya siku zote zile yamekuwa majivu. Uwanja safi. Mwenyewe ameketi anasuka kiondo, ananitazama kwa upole, ati amenisaidia. Nikaanza upya, akachoma tena. Nikaficha rundo chini ya gunia, mchwa wakalipata. Wakala maganda, wakala na gunia. Woi! Nililitupa jembe chini nikalia, na wala si kwa huzuni, ni kwa hasira. Huzuni ningeivumilia.

Maneno ya kumwambia Mwaitu nilikuwa nayo, tena mengi, lakini kwetu mke wa mtoto hamjibu mama mkwe. Hata jina lake halitaji. Na binti yangu, kwa kuwa ni wa kwanza, alikuwa amepewa jina hilo hilo la nyanya yake, kwa hiyo mtoto niliyemzaa mwenyewe nilimwita "wewe mtoto". Mwaitu ndiye aliyemwita vizuri. Alimwita wajina.

Siku moja huyo wajina alianguka katikati ya uwanja. Hakujikwaa, miguu ilikataa tu. Mwaitu akatupa ufagio, akambeba, akavitazama viganja vyake kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza bila kuniangalia, "Hilo shimo lako hula nini?"

Tangu hapo hakuchoma tena. Mbuzi walikosa maganda yao, kuku wakafukuzwa kwa mawe. Shimo likajaa, likaiva, ukitia mkono unasikia joto. Mbolea ilipopoa niliichanganya na ule udongo wa nyuma ya jiko, nikapanda miche ya sukuma wiki niliyoibeba kutoka sokoni kwenye kitambaa kilicholowa. Ikashika. Nikaanza hata kuimba nikiosha vyombo.

Halafu mambo yakageuka. Kingo za majani ziliungua kana kwamba mtu amezipitishia moto. Udongo ukafanya ukoko mweupe juu. Nikaongeza maji, hayakusaidia. Nikalaumu jua, nikalaumu aliyeniuzia miche, nikamlaumu bwana shamba na viatu vyake.

Asubuhi moja nilikuwa nimeshika njia ya mtoni nikakumbuka nimesahau kamba ya punda. Nikarudi. Nyuma ya jiko nikamkuta Mwaitu ameinama na sufuria, akimiminia kila shina, polepole, maji yaliyobaki baada ya kuchemsha mahindi na maharagwe. Maji ya magadi! Hakuna jiko Ukambani lisilo na magadi, maana bila magadi maharagwe yatamaliza kuni zote na bado yatakuvunja jino.

"Mwaitu, unafanya nini?"

"Nalisha shamba." Uso wake ulikuwa uking'aa. "Huu udongo ni mgumu mno. Magadi yanalainisha maharagwe, yatashindwa na udongo? Kila siku naongeza kijiko kingine, na jivu pia, wajina apone haraka."

Aliponipiga vita sikushindwa. Sasa amekuja kunisaidia, amenimaliza. Yale maneno niliyokuwa nimeyameza miezi yote yakapanda, na safari hii hayakurudi.

"Magadi ni kama chumvi, Mwaitu! Umeunguza mboga za mtoto! Heri ungeendelea kuchoma!"

Aliweka sufuria chini. Akajifunga leso, akachukua gunia, akatoka. Nikajua anakwenda kunishtaki kwa wazee wa kanisa, na sikujali. Nilibaki pale nikiing'oa ile miche mmoja mmoja, nikiitupa kwa mbuzi.

Alasiri akarudi, gunia mgongoni, mkanda wake umemkaza kwenye paji la uso. Akalimwaga mbele yangu. Maganda ya viazi kutoka hoteli za sokoni, majani ya chai, maganda ya mayai, kabeji iliyooza. Mwaitu, mwanamke wa benchi la mbele kanisani, alikuwa amepita mlango kwa mlango akiomba takataka.

"Waliniuliza kama nimerukwa na akili," akasema. "Nikawaambia ndiyo. Huo udongo tunautoa wote. Lete karai."

Tukautoa, tukaleta mwingine. Kila siku ya soko alikwenda na gunia lake, watoto wakimcheka njiani, akarudi ananuka kabeji. Shimo lilipoiva tena nilipanda miche mipya, na safari hii mboga zilikubali. Damu ya mtoto nayo ilirudi, polepole, kabla hata mvua haijarudi. Lakini ile siku ya kwanza niliyochuma majani, nikayakata membamba, nikayapika kwa kitunguu na mafuta kidogo niliyoomba kwa jirani, binti yangu alionja, akakunja uso, akaisukuma sahani.

"Ni chungu. Sitaki."

Jamani! Niliinua mkono. Mwaitu akaudaka hewani, akaushusha. Akavuta sahani kwake, akamega ugali, akaushika na mboga.

"Fungua mdomo, wajina," akasema. "Aibu ya chakula hiki nimeibeba mimi, kwa hiki kichwa changu. Wewe kazi yako ni kutafuna tu."

Akafungua. Nikawaacha hapo, nikatoka nje. Uwanja haukuwa umefagiwa tangu juzi yake. Nikachukua ufagio wa Mwaitu nikaufagia wote, mistari ikienda kombo, na takataka nikazipeleka shimoni.