Siku Niliyomkamata Mama Mkwe kwa Jiwe la Nzambani

Kwa miaka kumi na moja niliamini kwamba mwanaume akilizunguka Jiwe la Nzambani mara saba anageuka mwanamke, na mwanamke akilizunguka mara saba anaota ndevu. Wala sikuamini nusu nusu, niliamini nikiwa na cheti cha kidato cha nne mfukoni, nilichokipata kwa masomo ya jioni. Kinyozi wangu wa Kwa Vonza aliniapia kwamba yule mama mnene anayeuza nyanya karibu na stendi alikuwa zamani dereva wa lori, akalizunguka kwa ubishi, basi. Kila nikinunua nyanya nilikuwa namuuliza kwa huruma, "Na hizi barabara, mama, unazionaje siku hizi?"

Chekeni tu. Mimi aibu ilishanimaliza.

Wazazi wa Mwende, mchumba wangu, walitoka Kalamba kule Makueni pamoja naye na shangazi yake wakaja kwetu Kitui kuona boma ambalo binti yao angeolewa. Wakiridhika, wangetutajia siku ya kupeleka mbuzi watatu wa ntheo, na kwetu Wakamba ukishapeleka ntheo msichana ni wako, hakuna mwingine wa kumkonyeza. Wakala muthokoi, wakasifu tangi letu la maji, baba mkwe akalegeza mkanda tundu mbili. Nilibakisha tu kunyamaza. Lakini mdomo wangu hauna breki, ukasema: "Wazee, mtaondokaje bila kuona Nzambani?"

Tukaenda. Wote wakapanda zile ngazi za chuma kwenda kileleni kuangalia vilima vya Kitui, isipokuwa mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua, na mimi, niliyesema nalinda mikoba (ukweli ni kwamba nikipanda juu ya kiti tu naona giza).

Sasa hapo lazima mjue nthoni. Nthoni ni aibu, lakini ni aibu ya heshima: mwanaume hamkaribii mama mkwe wake, hamshiki mkono, hamwangalii usoni, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Hata ule muthokoi alikula jikoni na wanawake wenzake. Sauti yake nilikuwa sijawahi kuisikia.

Basi nikasogea kidogo (kwa mbali, kwa adabu zote) nimwonyeshe kwa kidole pimbi waliokuwa wakiota jua kwenye miamba. Akavuta leso hadi puani, akapinda kona ya jiwe, akapotea. Nikasema, ah, anatalii. Nikamfuata polepole, maana mgeni akipotelea kwa kile kichaka nitawaambia nini watu wa Kalamba? Tukatokea tena kwa ngazi, akanitupia jicho, akaongeza mwendo. Mzunguko wa kwanza huo.

Wa pili. Wa tatu. Na lile jiwe si nyumba ya kuku, nawaambia, mtu anaweza kupanda mbaazi upande huu na akirudi akute zimekomaa. Viatu vyangu vilifungua mdomo vikaanza kula mchanga, na yeye, wa magoti mabovu, anakwenda kama swara! Wa tano ulipoisha ndipo akili ikanipiga kofi: huyu mama anahesabu! Akigeuka mwanaume, Mwende atakuwa na baba wawili, na mimi nitajadiliana mahari na wote wawili! Kumwita siwezi, nthoni. Kumshika siwezi, nthoni. Na nikinyamaza sina mke.

Wa saba ulipoanza nikageuka, nikakimbia kwa kinyume, nikakutana naye uso kwa uso chini ya ngazi, nikamkumbatia kama gunia la mahindi na kupiga kelele: "Mama, usimalize! Utaota ndevu!"

Kuinua macho, ukoo mzima uko juu ya ngazi, unashuka.

"Aiya!" shangazi yake Mwende akapayuka. "Amemshika! Amemshika mama mkwe mchana hivi!"

"Kijana," baba mkwe akasema, kwa upole ulioniogopesha zaidi, "mwachilie mke wangu."

Nikamwachilia, leso ikabaki mkononi mwangu. Nikajieleza: mizunguko saba, ndevu, dereva wa lori. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozama. Mama wa tiketi pale getini akashika kiuno: "Mimi nimechunga mbuzi hapa tangu utoto. Nimelizunguka hili jiwe mpaka nimechoka kuliona, na nimezaa watoto tisa."

"Msichana wetu haolewi kwa huyu," shangazi akakata kauli. "Twendeni nyumbani." Baba mkwe hakumpinga. Mwende akakaa chini, akaficha uso magotini, mabega yakitikisika, nami nisijue ni kilio au ni kicheko.

Hapo ndipo nilipoapa kwamba nikitoka salama, maisha yangu yote sitampeleka mtu kutalii hata sokoni.

Mama mkwe akatema mate pembeni, akajifunga leso yake upya. Kwangu hakutazama. Akamwinamia Mwende: "Mwambie huyo bwana yako mbuzi wa ntheo sasa ni wanne, wa nne ni wa kuosha nthoni, na awalete Jumamosi." Baba mkwe akakohoa, akaitikia kwa kichwa. Mimi nikashika ngazi.

"Na mwambie tena," akaendelea, sauti ikianza kumponyoka kwa kicheko, "mimi sikuwa nazunguka jiwe. Nilikuwa namkimbia yeye."