Mwarabu Hawezi Kuwa Steringi

Banda la video la Kamanga lilinuka petroli ya jenereta, dagaa waliokuwa wakianikwa mchangani nyuma yake, na turubai lililopigwa jua tangu asubuhi. Ukiingia kutoka nje ulikuwa kama kipofu kwa muda. Ulipapasa mpaka mguu ugonge benchi la ubao, ukajibana kati ya watu wawili, ndipo macho yalipoanza kuona televisheni ndogo kule mbele na, kando yake, mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki akiwa na kipaza sauti mkononi. Mtu huyo alikuwa Mjomba Ndaki, mdogo wake mama. Picha zilivuka ziwa kutoka Mwanza kwa kivuko, nyingi zikiwa za Kiingereza, na kazi yake ilikuwa kututafsiria palepale, picha ikiendelea. Aliigiza mzee, mtoto, bibi harusi na polisi, kila mmoja kwa sauti yake. Hata mbwa alibweka kwa Kiswahili: "Bosi, hapa kuna mtu amejificha!" Watu walicheka mpaka mabenchi yakalia.

Mimi nilikuwa darasa la tano, na kwa sababu ya undugu niliingia bure kila Jumamosi mchana. Shuleni jambo hilo lilinipa cheo. Jumatatu, wakati wa mapumziko, wale ambao wazazi wao waliwakataza banda walinizunguka niwasimulie picha, nami nilisimulia kwa sauti zilezile za mjomba. Nikimaliza, tuliicheza uwanjani. Kwetu picha ilikuwa na watu wa aina mbili tu: steringi, yaani yule anayepigana mpaka akashinda, na adui. Aliyeiona picha ndiye aliyegawa nafasi, kwa hiyo nilizigawa mimi. Nafasi ya adui alipewa yeyote aliyechelewa kufika.

Kiangazi cha mwaka ule, watu walipokuwa wamemaliza kuvuna pamba, zilianza kuja picha za jangwani. Sikumbuki majina yake, na nadhani hata wakati ule sikuyajua, kwa sababu zilifanana sana. Kulikuwa na wanaume waliojifunga vitambaa kichwani. Walitega mabomu, au walilala juu ya mito wakiwa na dhahabu na wake wengi, au walikuwa sokoni wakijaribu kumpunja steringi. Walitokea kwa makundi, hawakuwa na majina, hawakuwa na watoto wanaokwenda shule, na walikufa kumi kwa mara moja bila yeyote kuuliza watazikwa wapi. Walipozungumza lugha yao, picha haikuandika chini maana yake hata kwa Kiingereza. Mjomba aliziba pengo hilo mwenyewe. "Leo lazima tuwalipue wote!" alinguruma, nasi tulishangilia, maana tulijua steringi yuko karibu.

Kamanga ilikuwa na nyumba moja tu ya Waarabu, ya Mzee Seif, aliyeuza misumari, mafuta ya taa na nyuzi za kushonea nyavu. Babu yake ndiye aliyekuja kutoka mbali. Yeye mwenyewe alizaliwa Sengerema na alizungumza Kisukuma kilichoniaibisha mimi Msukuma. Watu wakielekezana njia walisema "pale kwa Mwarabu", bila ubaya wowote, kama ambavyo mtu angesema "pale kwa fundi baiskeli". Binti yake, Nasra, alikaa nami dawati moja.

"Leo adui awe Nasra," alisema Mashaka, kijana mmoja wa darasani kwetu. "Si Mwarabu huyo! Wala hatuhangaiki kumtafutia nguo."

Nasra alicheka, akajifunga sweta la shule kichwani, akafa vizuri kuliko yeyote, kwa mateke na kilio kirefu. Kesho yake tulimwita tena, na kesho kutwa. Wiki ya pili alilitupa sweta chini.

"Na mimi leo niwe steringi."

Wote walinigeukia.

"Mwarabu hawezi kuwa steringi," nilisema. "Wewe umeshawahi kuona wapi?"

Sikusema kwa hasira. Nilikuwa naeleza sheria. Niliona kabisa kwamba Nasra anafikiri, anazipitia picha zote nilizowahi kusimulia, moja baada ya nyingine, akitafuta hata mmoja. "Sijawahi," alisema. Akaokota sweta akajifunga.

Baada ya hapo mchezo ulitoka uwanjani ukaingia darasani. Nasra akifungua mkoba kutoa daftari, Mashaka alijitupa sakafuni akipiga kelele, "Laleni chini! Bomu!" na darasa lilimfuata. Mwalimu mmoja alitabasamu kabla hajakumbuka kukemea. Kaimati alizozoea kutuletea kutoka kwao zilikosa walaji. "Usile, utalipuka," walisema. Mimi nilizipenda sana zile kaimati, lakini siku hiyo nilisema nimeshiba. Nasra alifunga kopo lake, akaliweka kwenye mapaja, akakaa hivyo mpaka kengele.

Wiki iliyofuata hakuja shule. Jioni ya siku ya nne mama alinituma mafuta ya taa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwenzako ameikataa shule. Anasema tumbo. Tumbo gani hilo linalouma asubuhi likapona mchana?" Mzee Seif alimimina mafuta polepole kwenye chupa yangu. "Mwezi huu ukiisha nampeleka Tabora kwa shangazi yake. Kule wapo wengi wa rangi yake, hatakodolewa macho. Wewe unakaa naye. Kuna mtu anamfanyia nini?"

"Sijui, mzee."

Nilitembea na ile chupa mpaka nyumbani kwa mjomba badala ya kwetu. Nilimkuta anafunga waya wa kipaza sauti kwa gundi.

"Mjomba, wale Waarabu wa kwenye picha, wanasemaga nini hasa?"

"Kiarabu nakijulia wapi mimi? Naangalia sura ya mtu, nasema kinachofanana nayo."

"Na kama sicho anachosema?"

"Nani atajua?"

"Mzee Seif atajua."

Mjomba aliacha waya. Nikamweleza yote: sweta, mkoba, kaimati, Tabora. Nilitegemea anigombeze. Aliuliza jambo moja tu: "Na wewe ndiye unayewapelekea hayo maneno shuleni?" Nikakubali. "Basi tuko wawili," alisema.

Jumamosi Mzee Seif alikuja bandani, kwa mara ya kwanza nijuavyo. Mjomba alikwenda mwenyewe dukani kumwomba, nadhani na kumwomba radhi. Akamketisha mbele, kwenye kiti chake, yeye akasimama. Picha ilikuwa ya jangwani kama kawaida. Mtu wa kwanza mwenye kitambaa alipotokea akipayuka, mjomba alimsogezea mgeni wake kipaza sauti. "Mzee wetu, huyu anasema nini?"

Mzee Seif alisikiliza, kichwa upande. "Hasemi kitu. Hicho si Kiarabu. Anabwabwaja tu, kama mtu anayeota." Watu walicheka, naye akacheka. Wa pili, mzee alisema, alikuwa akitoa amri yaletwe maji, mgeni apewe. Mjomba alishika kiuno. "Juzi nilisema anaomba kisu!" Kicheko kikazidi. Kisha akatokea mwanamke mlangoni mwa nyumba iliyobomoka, akipiga kifua na kulia. Picha ile tulikuwa tumeshaiona, na tulijua kwamba anaapa kulipa kisasi, kwa sababu mjomba alituambia hivyo. "Anasema mwanangu hajala tangu jana," alisema Mzee Seif, halafu akarudia kwa Kisukuma kwa ajili ya kina mama waliokaa nyuma. Mmoja wao aliguna kama tunavyoguna msibani. Jenereta likasikika kwa mara ya kwanza mchana ule.

Jumatatu nilisimulia habari ya yule mwanamke, sikusimulia mapigano. Wengine walisikiliza, Mashaka alisema nimeharibu picha. Mchana nilikwenda kwa kina Nasra, nikamkuta anachambua mchele. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyesema uongo kwa baba yake, na kwamba akirudi atakuwa steringi wiki nzima.

"Wiki nzima," alisema. "Halafu?"

Mwezi ulipoisha alikwenda Tabora, na dawati likabaki langu peke yangu.

Siku hizi naishi Mwanza, na Sengerema unaweza kufika kwa daraja la Busisi bila kusubiri kivuko. Picha zimetoka bandani zimeingia kwenye simu, na watafsiri wapo bado, hodari kuliko mjomba. Wale wanaume wa jangwani nao wapo, wamebadilishiwa silaha tu. Nimelifikiria sana jambo hili, na linalonishangaza hadi leo ni kwamba hatukuwa watoto wasiomjua Mwarabu. Tulimjua. Tulikula kaimati za kwao. Hata hivyo, picha ya saa mbili ilimshinda mtu tuliyekaa naye dawati moja kwa miaka. Kwa hiyo siwanyimi wanangu picha, maana nami nilizipenda. Nakaa nao na kuwauliza maswali madogo: huyu anaitwa nani, ana mtoto, asubuhi amekula nini? Mara nyingi picha haina jibu, na watoto huligundua hilo wenyewe haraka kuliko tunavyodhani. Ukiwa mzazi, jaribu. Haihitaji elimu yoyote.

Mwaka jana Nasra alirudi kanda ya ziwa, anafundisha hisabati, na Jumapili moja alikuja kwangu kula mchana. Wanangu walimkodolea macho, kwa maana walishasikia habari zake.

"Kumbe mnanijua," aliwaambia. "Mama yenu huwa anawaambia nini juu yangu?"

"Kwamba walikutesa shuleni," alijibu mkubwa, "ukalia, ukahama."

Nasra aliweka kijiko chini akanitazama. "Kabula! Miaka yote hii, ndicho ulichobaki nacho? Kwanza sikulia. Pili, umewaambia nani alikufundisha kuogelea?" Akawageukia watoto. "Msukuma wa ziwani huyu, mnamwona? Alikuwa anaogopa maji kama kuku. Mimi ndiye niliyemshika kiuno pale Kamanga, likizo nzima, mpaka akaelea."

Ilikuwa kweli, nami nilikuwa nimeisahau kabisa. Watoto walinigeukia wakisubiri nikatae. Nilivuta kiti, nikaanza kuwasimulia upya, kuanzia maji ya magotini.