Saba Niliyoiruka

Nilipokuwa mtoto kule Mwala, hakuna mtu nyumbani kwetu aliyejua tuna mbuzi wangapi. Susu, nyanya yangu mzaa baba, alikataza wasihesabiwe. Mifugo ikihesabiwa, alisema, kifo husikia na kuja kuchukua chake. Jioni alisimama kwenye lango la zizi akiwatazama wakiingia: yule wa sikio lililochanika, mama wa mapacha, yule mwizi wa maharagwe. Akikosekana mmoja, Susu alijua ni nani. Nami nilijifunza hivyohivyo, na kwa kazi hiyo hakuna aliyenishinda.

Shuleni walinishinda wote. Nilikuwa darasa la tatu na hesabu bado hazikai kichwani. Kila nilipohesabu nilitoka sita nikaenda nane. Siku hizi jambo hilo lina jina na lina walimu wake. Miaka ile ya tisini lilikuwa na fimbo tu. Musyoka, aliyeketi dawati la nyuma yangu, alinibatiza Ruka, na darasa zima likalipokea jina. Nilirudi nyumbani nimelia hadi basi, na Susu, bila kuniuliza lolote, alinituma nikakague mbuzi.

Likizo moja nilikaza roho. Nilihesabu mawe, nikahesabu mahindi, mpaka nikajiona nimeweza. Jioni moja nikasimama langoni kando ya Susu, nikaanza kuhesabu mbuzi kwa sauti, nikimnyooshea kidole kila aliyeingia, hadi wa mwisho. Nilitaka ajue kwamba mimi si mjinga. Katazo lake lilikuwa limenitoka kabisa. Mama, aliyekuwa akikamua, aliacha kukamua. Susu hakunigombeza. Alifunga lango.

Musyoka alikuwa akipita na punda wao wa maji, akasikia kila kitu. Mvua zilipoanza, Susu aliugua kifua, na haikuchukua wiki mbili tukamzika. Siku niliyorudi shuleni Musyoka alikuwa akinisubiri.

"Ruka, si ni wewe ulihesabu mbuzi?" akasema mbele ya wote. "Basi ni wewe umemaliza susu yako."

Niliamini. Mtoto wa miaka tisa angefanya nini? Muhula mzima sikutamka nambari yoyote. Mwalimu aliuliza, nikanyamaza, nikachapwa, nikanyamaza tena. Niliona heri nichapwe kuliko kuua mtu mwingine.

Kisha siku moja tukapata wageni. Mama akaniambia nilete vikombe vinne, nikaleta sinia nzima na kila kikombe kilichokuwa ndani ya nyumba. Akanifuata jikoni.

"Nimesema vinne. Kwani uko na shida gani?"

Nikaangua kilio. "Mama, ni mimi niliua Susu. Nilihesabu mbuzi."

Mama aliketi palepale sakafuni, wageni wakamngoja. "Mwiitu wakwa, binti yangu, hii ndiyo umebeba siku zote hizi?" Akanipangusa uso kwa leso yake. "Hata mimi niliogopa hiyo jioni. Nikaenda kuuliza Susu tufanye nini. Alicheka! Akaniambia, 'Kwani hukusikia ameruka saba? Hao mbuzi hawajahesabiwa. Na huyo mtoto ndiye peke yake naweza achia mbuzi wangu.'"

Kesho yake Musyoka aliponiita Ruka, niliitika kwa sauti kubwa. Jina halikufa siku hiyo, lakini halikuniuma tena.

Sijui kama mvua ile ingemwacha Susu iwapo ningefunga mdomo. Nadhani isingemwacha, kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani. Na sijawahi kumuuliza Mama kama maneno yale aliyasikia au aliyatunga pale jikoni, kwa ajili yangu. Mama amezeeka sasa, na sitamuuliza.

Mbuzi ni wangu siku hizi, wajukuu wa wale wa Susu. Nikichoka bado hutoka sita nikaenda nane, na binti yangu hunisahihisha huku akicheka. Langoni mwa zizi, jioni, humwambia anyamaze, tunawatazama wakiingia. Ukituuliza ni wangapi, hatujui. Akikosekana mmoja, tunajua ni nani.