Ni Ipi Kati ya Zile Tatu?
Orpa, jirani yangu hapa Kashojwa, kwenye kambi ya wakimbizi, hajawahi kuuza miti ya muhogo ya kupanda. Kwetu Kivu ya Kusini, tulikotoka, anayeomba mbegu hukatiwa fungu, akaenda zake. Kwa hiyo mwaka 2012, mtafiti mgeni alipokuja kuuliza habari za ugonjwa unaoozesha mihogo udongoni huku majani yakiwa kijani, Orpa alimkatia mafungu ya aina zake zote tatu, akamweleza yote anayojua, na bugali akampikia. Mtafiti akasema jibu litatoka kwenye jarida.

Mwaka 2014 tulivuna karibu uozo mtupu, na aina zote zilikuwa zimechanganyika shambani. Mvua ilikuwa karibu, na Orpa ni mjane wa watoto watano mwenye shamba moja. Akikosea aina, wanalala njaa. Nikamburuta hadi mjini Mbarara, kwenye maktaba ya chuo kimoja.

Mtunza maktaba, Mzee Buruhan, alilitafuta andiko la yule mtafiti kwenye kompyuta, akalipata. Picha ya kwanza ilikuwa shamba la Orpa, na kitenge chake kimeanikwa kwenye ua! Buruhan akatusomea muhtasari: kati ya aina tatu, moja ilivumilia ugonjwa.

“Ni ipi?” Orpa akauliza.

Buruhan akabonyeza. Ukurasa ukadai dola thelathini na nane.

“Mama, zamani chuo ilikuwa nalipa,” akasema. “Sasa bajeti walikata, na kampuni ya jarida iliongeza bei. Walitufungia.”

Nikauliza kampuni ilimlipa mtafiti kiasi gani. Hata senti. Na wasomi walioikagua kazi yake kabla haijachapwa? Hata senti. Basi nani anakula? Kampuni, akasema, na faida yake ni nene kila mwaka. Buruhan akamwandikia mtafiti palepale, lakini anwani ilikuwa imekufa.

Orpa hakuondoa macho kwenye picha. “Shamba ni yangu, kitenge ni yangu,” akasema polepole. “Kisha ni miye banakatalia kujua?”

Akapanda aina zote tatu, kila moja sehemu yake. Sehemu mbili zikaoza. Mwaka ule watoto wake walikula mara moja kwa siku, na mimi hasira haijanitoka hadi leo.

Sehemu ya tatu ilisimama, mihogo yake mizima udongoni. Orpa akakata fungu la kwanza, akanituma nalo Mbarara kwa Mzee Buruhan, na maneno haya: mtu akija kuuliza, umwambie ni ile ya shina nyekundu, na usimudai kitu.